Shajara ya mradi: Cub Cadet ya gia au ya mafuta, shambani Mufindi

Februari, mwishoni

Swali la mradi huu ni moja: kati ya trekta mbili kuukuu za bustani, Cub Cadet 122 na Cub Cadet 123, ipi ije shambani kwetu na ipi ibaki. Zote ziko ng'ambo ya bonde, kwenye banda la kituo ambacho wageni walikiacha zamani, zimefunikwa turubai na kuzungukwa na magunia ya chokaa. Mzee anayeangalia mali pale ana ruhusa ya kuuza. Bei ya zote mbili ni sawa, na fedha tuliyonayo inatosha moja tu.

Kazi inayosubiri naijua vizuri. Tuna miparachichi ya Hass kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Miti ilipokuwa midogo, Massey Ferguson ya kukodi ilipita kati ya mistari bila shida. Sasa matawi yamefika mabegani, na trekta kubwa ikiingia inatoka na matunda. Nyasi za masika nazo hazingoji: ukimaliza mstari wa mwisho kwa fyekeo, wa kwanza umeshaota tena. Tunataka chombo chembamba na kifupi, chenye mashine ya kukata nyasi tumboni, kinachoweza pia kuvuta tela dogo la kreti kutoka mtoni kwenda barabarani. Yaani kupandisha mzigo. Hilo la kupandisha ndilo nitakaloliangalia kuliko yote.

Kwa asiyezijua, Cub Cadet ni kazi ya International Harvester ya Marekani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1961 kwenye kiwanda cha Louisville, Kentucky, na sehemu yake ya nyuma ilitokana na Farmall Cub, trekta ndogo ya shamba ya kampuni hiyohiyo. Ndiyo maana ni nzito kuliko inavyoonekana: chini ya kiti ni chuma kitupu cha kumimina kwenye kalibu. Katikati ya miaka ya 1960 wakatoa 122 na 123 kwa pamoja. Injini ni moja, Kohler K301 ya silinda moja yenye nguvu za farasi 12. Chesisi ni moja. Tofauti ni kile kilichokaa kati ya injini na difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu: 122 ina klachi na giaboksi ya gia 3 za mbele na 1 ya nyuma, na 123 ina pampu na mota inayozungushwa na presha ya mafuta, mfumo unaoitwa haidrostatiki, ambao huku kila mtu anauita otomatiki; ndiyo ninayoiita hapa trekta ya mafuta. Anayetaka kuipima mifumo hii miwili bila kuchanganywa na mambo mengine hawezi kupata jozi nzuri kuliko hii.

Machi, mwanzoni

Nimepitia mifumo yote miwili kwa macho na kwa mikono kabla ya kugusa bolti yoyote, na nayaandika hapa kwa sababu watu wawili tayari wamenishauri kwa nguvu bila kujua kinachozunguka ndani.

Kwenye 122 nguvu inatoka nyuma ya injini, inapita kwenye klachi iliyokaa katikati ya chesisi, inafuata shafti hadi giaboksi, kisha difu. Kati ya injini na magurudumu hakuna mkanda hata mmoja. Ukiwa umeingiza gia na klachi imeachiwa, injini na magurudumu vimefungwa pamoja. Kinachopotea njiani ni msuguano wa meno na beringi, takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu.

Kwenye 123 hakuna klachi. Shafti inakwenda moja kwa moja hadi kwenye pampu ya Sundstrand iliyofungwa mbele ya difu. Ndani ya pampu mna ngoma yenye pistoni ndogo zilizopangwa duara, zinazoegemea sahani ya chuma inayoweza kuinamishwa. Sahani ikikaa wima, ngoma inazunguka lakini pistoni hazisukumi kitu, na trekta imetulia. Mkono wa kuendeshea, yaani wenzo ulio karibu na usukani, ukiiinamisha sahani kidogo, pistoni zinaanza kuingia na kutoka, mafuta yanasukumwa kwenye mota, mota inazungusha gia za difu, na trekta inaondoka taratibu. Ukiinamisha zaidi, mwendo unaongezeka. Ukiinamisha upande wa pili, mafuta yanageuza njia na trekta inarudi nyuma. Hakuna kukwaruza gia, hakuna kusimama kubadilisha. Ni ufundi wa kuheshimiwa, hasa ukikumbuka umri wake.

Ila mafuta yanayosukumwa kwa presha yanapata joto, na sehemu yake huvuja ndani kwa ndani, kati ya pistoni na ngoma na kati ya ngoma na sahani ya vali, ile yenye matundu ya kupitishia mafuta. Hata pampu yenye afya inaweza kula robo ya nguvu inayopita ndani yake. Huku kwetu hesabu hiyo ina uzito, kwa sababu tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi. Injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Zile farasi 12 zilizoandikwa kwenye injini zinabaki 9 na nusu hivi. Ondoa moja ya kumi kwa gia, unabaki na 8 na nusu kwenye magurudumu. Ondoa robo kwa mafuta, unabaki na 7.

Jambo moja linalosahauliwa: visu vya kukatia nyasi havipati nguvu kupitia giaboksi wala pampu. Kwenye trekta zote mbili vinachukua nguvu mbele ya injini, kwa klachi yake na mkanda wake. Kwa hiyo kwenye kukata nyasi tambarare, ile robo inayoliwa na mafuta karibu haionekani, maana magurudumu yanahitaji nguvu kidogo tu. Inaonekana pale ambapo nguvu yote inakwenda kwenye kuvuta. Trekta hizi zikipimwa kwenye uwanja wa mpira zitaonekana sawa, na 123 itapendeza zaidi. Zitapimwa mlimani.

Machi, mwishoni

Injini kwanza, maana hakuna kupima mwendo kama haziwaki. Mzee alitukuta tumeshafungua turubai.

"Kamwene, Baba."

"Kamwene. Mmezifuata kweli hizi? Mimi nilijua mnataka bati."

Zilikuwa hazijawaka kwa miaka. Tulitia oili kidogo kwenye tundu la plagi, tukaacha ilowane, kisha tukazungusha kwa mkono. Zote mbili zilizunguka. Kabureta zilikuwa zimeganda petroli iliyogeuka kuwa kama gundi ya kahawia. Tulizichemsha na kuzipuliza kwa upepo wa kompresa. Platini za Kohler hizi, zinazokatiza umeme wa plagi, nazipenda: hazikufichwa chini ya flaiwili, zimekaa nje ubavuni mwa injini chini ya kifuniko kidogo, na zinafunguliwa na kijiti kinachosukumwa na kamshafti. Unazisafisha kwa msasa laini, unaweka nafasi ya milimita 0.5, plagi unaiweka milimita 0.9, na kazi imekwisha bila kung'oa kitu. Staata na jenereta ni mashine moja iliyofungwa kwa mkanda; ukiwasha inazungusha injini, injini ikishika inageuka kuchaji betri. Ya 123 ilikuwa na kaboni zilizokwama, ya 122 ilikuwa salama.

122 iliwaka kwanza. 123 ilifuata siku ileile, ikitoa moshi mweupe uliokatika ilipopata moto.

Kisha tukafungua bolti za kumwagia mafuta nyuma. Kwenye 122 yalitoka mafuta meupe kama chai ya maziwa. Ni maji ya ukungu: Mufindi hewa inalala na unyevu usiku na asubuhi, na chombo kilichofungwa kinavuta unyevu huo kidogo kidogo kila chuma kinapopoa. Kwenye 123 yalikuwa meupe pia, ingawa si sana. Mafuta yaliyokusudiwa kwa trekta hizi, Hy-Tran, yametengenezwa kubeba maji kiasi bila kuacha chuma kishike kutu, lakini yana mwisho wake.

Kwenye giaboksi maji hayanitishi sana. Jino la gia likipata kutu ya juujuu, kazi yenyewe hulisugua, na beringi iliyokufa inabadilishwa. Kwenye pampu ni habari nyingine. Pale nyuso mbili za chuma zinategemea ulaini wao kuzuia mafuta yenye presha, na doa dogo la kutu linatosha kuwa njia ya kuvujia.

Tulisafisha giaboksi ya 122 kwa dizeli, tukaijaza mafuta ya UTTO, yale yanayotiwa kwenye trekta kubwa ambazo giaboksi na haidroliki hutumia mafuta mamoja. Zilitosha lita 3 na kidogo. 123 ilikunywa lita 6 na nusu, na filta mpya juu yake. Anayenunua trekta ya mafuta aiweke gharama hiyo kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu huwezi kumwaga mara moja na kusema umesafisha.

Aprili

Zamu ya 123. Mvua ilitupa siku kavu na barabara ya changarawe inayopanda kutoka mtoni ilikuwa imeshika.

Ikiwa baridi, trekta hii ni raha. Mama watoto ndiye atakayekata nyasi mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda. Alikata kuzunguka miti ya mstari wa juu bila kugusa tawi: anasogea, anapunguza, anasimama, anarudi nyuma, vyote kwa vidole viwili, na visu vinaendelea kuzunguka kwa kasi yake ileile. Penye nyasi nzito alirudisha mkono kidogo tu na injini ikapumua. Hakuna kitu cha gia kinachoweza kufanya hivyo.

"Hii ya mafuta inanisikia," alisema.

Kulikuwa na kasoro moja mapema. Mkono unasogea kidogo bila trekta kujibu, kisha inaruka. Hilo ni jambo linalojulikana kwa pampu hizi: kishikizo kinachoinamisha sahani kina mfereji ambamo pini inakaa, na pini na mfereji hulana kwa miaka mingi hadi pakawa na uwazi. Dawa yake ipo: unajaza kwa welding, unapiga tupa hadi pini ikae bila kucheza. Kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu, wala si ya kiwandani.

Kilichonihusu zaidi ni mafuta yakishapata moto. Baada ya saa nzima ya kukata nyasi tulifunga tela lenye mzigo na kuanza kupanda. Hapo nilisimama kando ya barabara na kusikiliza. Mlima ulipokaza, trekta ilipunguza mwendo. Mama watoto akasukuma mkono mbele; ikazidi kupunguza. Lakini injini haikulemewa hata kidogo. Iliendelea kuimba kwa sauti ileile, huku magurudumu yakikaribia kusimama.

Hicho ndicho kipimo ambacho ningemwomba kila mnunuzi akikumbuke. Ukiipakia trekta ya mafuta mlimani na injini ikalemewa, shukuru, pampu ina nguvu kuliko injini. Injini ikiimba na magurudumu yakifa, nguvu inageuka kuwa joto ndani ya pampu: mafuta yamekuwa mepesi na yanapita pembeni ya pistoni badala ya kuzisukuma. Na kipimo hiki hakifanywi trekta ikiwa baridi. Muuzaji akikuwashia asubuhi ukaizungusha uani dakika tano, hujaona chochote.

Ilipofika katikati ya mlima tulisimama. Mkono ukiwa katikati, trekta iliteleza kurudi nyuma polepole, hadi mguu ukashika breki. Kuanzia siku ile hakuna anayepanda na tela bila kubeba kigogo cha kuweka nyuma ya gurudumu.

Tulimwaga mafuta, tukabadilisha filta, tukasafisha mapezi ya pampu na feni yake ndogo iliyokuwa imeziba majani makavu, tukapima tena. Ikawa nafuu. Ilifika juu, lakini kwa kujikokota, na injini bado ikiimba.

Mei

122. Hapa kazi ya mikono ilikuwa kubwa zaidi kabla hata ya kuondoka.

Klachi ilikuwa imeshikana kwa kutu. Unakanyaga na hakuna kinachoachia. Ilibidi kushusha shafti yote. Klachi ya Cub Cadet haifanani na ya gari: sahani imekaa kwenye shafti yenyewe, ikibanwa na springi nene, na nyuma yake kuna kiunganishi kinachoshikwa na pini za kukunjwa. Pini mbili zilikuwa zimekatika na moja imelika nusu. Sahani ilibakiwa na kitambaa kidogo sana.

Hapa ndipo nilipoanza kuona uzito wa mahali tulipo. Sahani niliibeba kwa bodaboda hadi Mafinga, kwa fundi anayebandika klachi na breki za malori. Aliipima kwa kidole, akaikwangua, akabandika kitambaa kipya, akakisawazisha. Pini zilipatikana duka la spea hapohapo. Beringi ya kuachia klachi ilikuwa na namba yake imechongwa kwenye ukingo, na nyingine yenye namba hiyo ilitoka Mbeya na basi la jioni. Sili za ekseli zilipimwa kwa kipimo cha milimita na kulinganishwa na zilizopo dukani. Hakuna aliyeniuliza trekta ni ya mwaka gani wala imetoka nchi gani.

Majaribio. Mlima uleule, tela lilelile, kreti zilezile, na baada ya saa nzima ya kukata nyasi kama tulivyofanya kwa 123, ili haki iwepo.

Gia ya kwanza ilipanda. Injini ililemewa kwenye kona, sauti ikashuka ikawa nzito, gavana, kile kidhibiti kasi cha injini, ikafungua kabureta, na trekta ikaendelea kwa mwendo uleule hadi juu. Saa ya mwisho ilikuwa sawa na saa ya kwanza, maana giaboksi haijui moto wala baridi. Na kwa sababu gia haidai pampu izungushwe kwa kasi, nikiwa navuta tela tu bila visu naweza kupunguza kasi ya injini na bado nikapanda. 123 inataka injini izunguke kwa kasi muda wote, ili pampu ya kulishia ifanye kazi na feni ipoze mafuta.

Kushuka ndiko kulikohitaji maelezo mengi. Madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga huchagua gia ndogo juu kabisa na hawaigusi tena hadi chini. Na sisi sheria ni hiyohiyo. Giaboksi hii haina kilinganishi cha mwendo, kwa hiyo huwezi kubadilisha gia ukiwa unatembea. Ukikanyaga klachi katikati ya mteremko, injini inaachana na magurudumu na kinachobaki ni breki ya mguu peke yake, na breki za trekta hizi hazikuundwa kushika tela lenye mzigo. Kwa hiyo: gia ya kwanza kabla ya kuanza kushuka, mguu mbali na klachi, injini ishike mzigo. Hapa lazima nikiri kwamba trekta ya mafuta yenye pampu nzima ina usalama zaidi, kwa kuwa mtu hana klachi ya kukanyaga kwa woga. Pampu iliyochoka haina usalama huo.

Kisha kati ya miti. Kila mwisho wa mstari ni klachi, gia ya nyuma, klachi, gia ya mbele. Penye nyasi nzito unakanyaga klachi, visu vinaendelea kuzunguka na kumaliza kilicho mbele yao, kisha unaachia. Inafanya kazi, na nyasi zinakatwa safi. Lakini jioni mama watoto alishuka akishika goti.

"Ile nyingine inanisikia. Hii mpaka tubishane."

Neno lake nimeliweka pamoja na presha na mteremko, kwa uzito uleule. Trekta isiyopendwa na anayeiendesha itakaa bandani.

Juni

Mbeya, na pampu ya 123 kwenye mfuko wa nailoni.

Nilimwomba Mzee ruhusa ya kuifungua na kuipeleka kwa fundi wa haidroliki, yule anayetengeneza pampu za makatapila. Mzee alikubali kwa sharti nirudishe kila bolti. Nilitaka kujua jambo moja: je, kuna njia ya kuirudisha hii kwenye nguvu yake kwa mikono ya huku?

Fundi aliitandika juu ya gazeti, akaifuta kwa petroli, akaigeuza ngoma juu chini. Halafu akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya sahani ya vali, taratibu, kutoka kati kwenda nje. Akanishika mkono na kunifanya nipitishe wa kwangu. Kulikuwa na mikwaruzo ya duara, membamba kama nywele, na ukucha ulikwama kwenye kila mmoja.

"Ukucha ukikwama, presha haikai," alisema. "Hii nitaisugua kwenye kioo na dawa, itanyooka. Lakini tazama huku." Akachomoa pistoni moja, akaitumbukiza kwenye tundu lake ikiwa kavu, akaitikisa. Ilicheza. "Hapa sina la kukufanyia, mdogo wangu. Tundu limepanuka. Mpaka upate ngoma na pistoni zake, seti."

Seti hizo zinapatikana kwa wauzaji wa spea kuukuu Marekani, kwa kuagiza. Sina shaka zingefika. Ila nauli yake ingekaribia bei ya trekta, na bado ningekuwa naifunga ndani ya nyumba ya pampu yenye umri uleule.

Alivisugua visahani, kwa sababu alitaka kuona matokeo kama mimi. Tulirudisha, tukalehemu na kupiga tupa mfereji wa kile kishikizo. Mkono sasa unajibu mara moja, trekta haijongei yenyewe ikisimama tambarare. Mlimani ikiwa moto, imepata nafuu ya kuonekana. Kutosha kupandisha kreti siku nzima, hapana.

Mwezi huu pia baridi ilileta lake. Asubuhi za Juni hapa mtu anavaa koti mbili. 122 unakanyaga klachi ukiwasha, kwa hiyo staata inazungusha injini peke yake. 123 haina klachi. Staata lazima izungushe injini na pampu iliyojaa mafuta mazito ya baridi. Betri ambayo iliiwasha 122 bila kusita iliishiwa nguvu kwenye 123 kabla haijashika.

Julai

Tumechukua 122.

Sababu iko kwenye barabara ya mtoni, na kwenye duka la beringi. Kila kitu kilichochakaa ndani ya 122 kina namba, au kina fundi wa malori anayekijua kwa jina jingine. Kilichochakaa ndani ya 123 kinatoka sehemu moja tu ya dunia. Mteremko wetu nao unadai nguvu yote ipite nyuma kila siku ya mavuno, na hapo gia inatoa zaidi na haibadiliki saa zinavyokwenda.

Lakini siwezi kumwambia kila mtu anunue ya gia. Mwenye uwanja wa shule, kanisa au nyumba ya wageni, penye tambarare na miti mingi ya kuzunguka, achukue ya mafuta kama imepita kipimo cha moto mlimani. Atakata nyasi vizuri zaidi na atachoka kidogo. Mzee sasa anazungumza na watu wa uwanja wa aina hiyo kuhusu 123, na nimemwandikia kwenye karatasi yote tuliyoyaona, pamoja na lile la kuteleza mlimani, ili mnunuzi alijue kabla hajatoa fedha. Anayeikuta John Deere 110, ile iliyotoka 1963, ajue ni njia ya tatu: giaboksi yenye mkanda wa kubadilisha mwendo mbele yake. Hapo aukague mkanda na puli zake kama nilivyokagua pampu.

Kuhusu goti. Tumesogeza kiti mbele, na kanyagio la klachi tumeliongezea urefu kwa kipande cha chuma kilicholehemiwa, ili mguu upate nguvu zaidi ya wenzo na usinyooke hadi mwisho. Ulaini umeonekana mara moja. Tumebadilisha pia njia ya kukata: badala ya kwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, anashuka na mstari huu na kupanda na wa tatu, anageuka kwa duara pana chini na juu, na gia ya nyuma inabaki kwa ajili ya miti ya pembeni tu. Anapita wima, kamwe si kwa kukingama mteremko, kwa sababu trekta hizi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva zikipinduka.

Tairi za nyuma zimenipa kazi. Nilitumaini za pawatila, 6.00-12, zina meno mazuri na zimejaa madukani. Kipenyo cha rimu ni kilekile cha inchi 12, lakini rimu za Cub Cadet ni pana mno kwa tairi ile nyembamba. Kwa sasa tumetia mipira ya ndani kwenye tairi zilezile za zamani na kuzijaza maji robo tatu kwa ajili ya uzito. Kwenye udongo mwekundu mkavu zinashika. Novemba mvua zikianza zitateleza, kwa hiyo fundi wa Mafinga anatengeneza rimu mbili nyembamba, zenye matundu ya bolti kama ya zile za asili.

Bado: breki kukazwa, sili ya ekseli ya kulia inayotoa jasho la mafuta, na ndoano ya tela ambayo nataka ishuke chini ya usawa wa ekseli, ili mzigo ukivuta isinyanyue pua. Mama watoto ameshaanza mistari ya juu.